Unga wa P&G wa kusafisha maji: tathmini kwa vikosi vya vijana wa jeshi wanaokwenda kwenye maafa nje ya nchi

Pakiti moja ina gramu 4 za unga. Inasafisha lita 10 za maji, hata maji ya mto yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa sababu hiyo unga wa P&G (kampuni ya Procter & Gamble), ambao wengi nchini Kenya waliujua kwa jina lake la zamani la PUR, umebebwa kwenye mizigo ya misaada tangu tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, kisha tetemeko la Haiti la Januari 2010, na maafa mengine yaliyofuata. Tathmini hii hatujaiandika kwa ajili ya mwenye nyumba anayetafuta dawa ya maji ya bomba. Tumeiandika kwa ajili ya kiongozi wa kikosi, awe wa JWTZ ya Tanzania, KDF ya Kenya au UPDF ya Uganda, anayewapeleka vijana waliojitolea kwenye nchi jirani iliyopigwa na kimbunga au mafuriko, na ambaye lazima aamue nini kiingie kwenye ndege na nini kibaki.

Uamuzi wetu tuuseme mapema. Kwa maji ya tope, hatujui kitu kingine chepesi kiasi hiki kinachofanya kazi vizuri kiasi hiki. Lakini unga huu ukipelekwa bila ndoo, bila kitambaa, na bila mtu wa kurudi kwenye kaya siku ya tatu, utakuta pakiti zimelundikana kwenye kona ya hema na watu wanakunywa maji yale yale.

Unachofanya na usichofanya

Ndani ya unga kuna vitu viwili vinavyobeba kazi. Cha kwanza ni salfati ya chuma, inayozifanya chembe za udongo zinazoelea zishikane, ziwe mabonge na zizame. Cha pili ni klorini ya unga, ile hipokloriti ya kalisiamu, inayoua bakteria na virusi. Klorini ikitiwa peke yake kwenye maji ya tope humezwa na udongo na mabaki ya majani kabla haijawafikia vijidudu. Hapa tope linaondoka, na klorini inabaki ya kutosha kufanya kazi yake na kuyalinda maji baada ya hapo. Kuna faida nyingine ambayo vidonge vya klorini havina: kimelea cha kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kawaida haikiwezi, hunaswa ndani ya mabonge na kuishia kwenye kitambaa. Aseniki nayo hupungua kwa njia hiyo hiyo.

Chumvi haiguswi. Petroli na dizeli haviguswi. Pwani jambo hili ni zito. Kimbunga Idai kilipotua karibu na Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, bahari ilipanda nchi kavu pamoja na mvua. Maji ya kisima kilichoingiwa na bahari ukiyatia unga huu yatatoka maangavu kama kioo, na yatakuwa na chumvi ile ile. Kwa hiyo kikosi kibebe kipimo kidogo cha chumvi, kile cha betri kinachoshikwa mkononi, na kila chanzo kipimwe kabla ya pakiti ya kwanza kukatwa. Chanzo chenye chumvi ni kazi ya mitambo mikubwa, kama ile ya manowari ya Marekani USS Carl Vinson iliyotengeneza maji ya kunywa kwa ajili ya Haiti mwaka 2010. Chanzo chenye harufu ya mafuta au rangi za upinde zinazoelea juu kiachwe kabisa, kitafutwe kingine.

Hatua, na mahali zinapoharibika

Chukua ndoo pana yenye alama ya lita 10. Alama hiyo iwekwe kabla ya safari, kwa kumimina lita 10 zilizopimwa na kuchora mstari kwa rangi isiyofutika, ndani na nje. Ndoo ya lita 20 ikijazwa mpaka juu na kutiwa pakiti moja ni kosa la kwanza tunalolitaja kwa sababu ndilo rahisi kuliko yote: kipimo kinakuwa nusu, mabonge hayakamiliki, klorini haitoshi. Dumu la mdomo mwembamba halifai kwa kukorogea. Linafaa baadaye, kuhifadhia.

Pakiti ikatwe kwa mkasi, si kwa meno. Unga huu unawasha macho na mdomo. Mimina wote, nusu pakiti kwa lita 5 haifai, kwa sababu viungo havijagawanyika sawasawa ndani ya unga na huwezi kujua nusu yako imebeba nini.

Koroga kwa nguvu dakika 5 kamili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kufikia dakika ya pili maji yanaanza kubadilika, mabonge yanaonekana, na mkorogaji anaona ameshamaliza. Hajamaliza. Mabonge ya dakika ya pili ni madogo na mepesi. Yatapita kwenye kitambaa. Kijana anayeonyesha namna ya kufanya ashike saa mkononi na aihesabu kwa sauti. Kwa kaya isiyo na saa, mfundishe mtu kipimo cha wimbo anaoujua, uimbwe mara ngapi mpaka dakika 5 zitimie, na mlipime hilo pamoja papo hapo.

Kisha maji yatulie dakika 5. Yakiwa bado na ukungu, koroga tena, yatulie tena. Mabonge yakishazama, mimina polepole kupitia kitambaa kizito cha pamba tupu kisicho na tundu, kuingia kwenye ndoo ya pili iliyo safi. Usiyatikise yaliyo chini. Kuhusu kitambaa tuna neno: kanga ya pamba iliyofuliwa mara kadhaa ni nzuri sana, na fulana nzito ya pamba pia. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani unaozuia maji kupita, na kitenge cha polista hakishiki mabonge. Kitambaa kiwekwe alama upande mmoja, ili upande ulioshika uchafu jana usigeuzwe leo ukamwaga ndani ya maji safi. Kila baada ya matumizi kifuliwe na kuanikwa juani.

Baada ya kuchuja, dakika 20 za kusubiri. Maji yanaonekana safi, mtoto analia kiu, na mama atataka kumpa hapo hapo. Aelezwe sababu badala ya kukatazwa tu: klorini ndiyo kwanza inaendelea na kazi, na hasa virusi vinahitaji muda huo. Maji yakibaki na rangi ya njano baada ya kuchujwa, yasinywewe, yachujwe tena. Yakishakuwa tayari yafunikwe na yatumike ndani ya saa 24. Kuchota kwa kikombe kinachoshikwa na kila mkono kunarudisha kipindupindu ndani ya maji yaliyokwisha safishwa, kwa hiyo ndoo yenye bomba chini ni bora, na ikikosekana, dumu la kumimina.

Mabonge yaliyobaki chini yamwagwe chooni au yafukiwe, mbali na watoto, kuku na mbuzi.

Kosa moja la ugavi linaweza kudhuru watu. Kwenye eneo la kipindupindu pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mwilini anayeharisha, zinagawiwa pia, na kwa mbali pakiti ni pakiti. ORS ni ya kunywa, kwa kawaida pakiti moja kwa lita moja. Unga huu si wa kunywa. Vitu hivi viwili visiwekwe kwenye mfuko mmoja, visigawiwe na mtu mmoja saa ile ile, na mgawaji wa kila kimoja amwambie mpokeaji arudie kwa maneno yake mwenyewe kile alichopewa na namna ya kukitumia.

Hesabu ya mzigo

Hapa unga huu unapendeza kuliko kitu chochote kwenye orodha. Kiwango cha Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada ya kibinadamu, kwa maji ya kunywa na ya chakula ni lita 2.5 mpaka 3 kwa mtu kwa siku. Kaya ya watu 5 inahitaji lita 15 hivi, na kwa kuwa pakiti haigawanywi, hesabu pakiti 2 kwa siku. Kwa siku 30 ni pakiti 60. Kaya 500 kwa mwezi ni pakiti 30,000, yaani kilo 120 za unga wenyewe, zinazosafisha lita 300,000. Lita hizo zikisafirishwa kama maji ni tani 300.

Ndoo zitakukumbusha ukweli. Kaya 500 zinahitaji ndoo 1,000, moja ya kukorogea na moja ya kuchujia, na angalau 500 za hizo ziwe na mifuniko. Hazina uzito mkubwa, ila zinakula nafasi. Zipangwe moja ndani ya nyingine, mifuniko ifungwe peke yake, na ndani ya ndoo ya juu kabisa ya kila fungu viingie vitambaa, mikasi na pakiti za fungu hilo. Ndoo zikibaki uwanja wa ndege kwa sababu helikopta imejaa, acha na pakiti zake. Kupeleka pakiti mbele peke yake ni kujidanganya. Kila kaya ipate seti kamili au isubiri awamu inayofuata.

Mwaka 2023 Tanzania ilipeleka helikopta za kijeshi Malawi baada ya Kimbunga Freddy cha mwezi Machi. Malawi wakati huo ilikuwa tayari imo kwenye mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 2022 na kuua watu zaidi ya 1,700. Kijiji ambacho barabara yake imekatika, maji yake ni ya tope, na kipindupindu kimo jirani: unga huu ulitengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo.

Hauuzwi kila duka. Sehemu kubwa hupitia mpango wa P&G wa maji salama kwa watoto, ulioanza mwaka 2004, na mashirika yanayoshirikiana nao. Kikosi kinachotaka kuupata kianze mazungumzo na mashirika hayo wakati wa mazoezi, si siku ambayo kimbunga kimeshaonekana kwenye ramani.

Ukilinganisha na vidonge na chujio

Kama maji ya eneo ni maangavu, acheni unga, bebeni vidonge. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu: kinatumbukizwa, zinapita dakika 30, maji yako tayari. Hakuna kukoroga kwa nguvu wala ndoo ya pili. Wakazi wa Kenya na Tanzania wamezoea kazi hiyo kupitia WaterGuard, na mtu aliyekwisha kuizoea dawa ya kutumbukiza hataipenda ya kukoroga dakika 5 asipoiona haja yake. Kwenye maji yenye ukungu kiasi, vidonge 2 husaidia. Kwenye tope zito havisaidii, hata ukitia vinne. Utapata maji yenye harufu kali ambayo watoto watayakataa, na ndani yake bado kuna vijidudu.

Namna rahisi ya kuamua bila kifaa: jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, iweke juu ya maandishi ya gazeti, tazama kupitia mdomoni. Herufi zikisomeka, vidonge. Herufi zikipotea, unga.

Chujio la nyuzi kama LifeStraw Family huchuja lita 18,000 kabla ya kuisha na halihitaji pakiti za kila siku. Kwa kaya iliyokwisha rudi kwake na itakayokaa hapo miezi, tungelichagua hilo. Lakini haliachi klorini ndani ya maji, hivyo maji yanaweza kuchafuka tena ndooni, na kwenye tope zito huziba. Asiyefundishwa kulisafisha kwa kusukuma maji kinyume atalitupa wiki ya pili.

Matokeo yanategemea mtu, si pakiti

Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2005, kwenye makazi 605 ya familia zinazotumia maji ya tope, uliona kwamba kuharisha kwa watoto walio chini ya miaka 2 kulipungua kwa asilimia 25 pale unga huu ulipotumika, na kwa asilimia 17 pale ilipotumika klorini ya maji. Kwenye kambi nchini Liberia, ambako kaya zilifuatiliwa kwa karibu, matukio ya kuharisha yalipungua kwa asilimia 90. Kisha utafiti mwingine ukaangalia maafa manne, nchini Nepal, Indonesia, Kenya na Haiti, ambako dawa mbalimbali za maji ziligawiwa katika haraka ya kawaida ya misaada. Matumizi yaliyoleta maji salama kweli yalianzia asilimia 0 mpaka 67.5.

Asilimia 0 maana yake dawa ilifika, ikapokelewa, na hakuna aliyefaidika. Dawa zenyewe hazikuwa zimeharibika. Mafanikio yalionekana zaidi pale watu walipopewa njia waliyokuwa wanaifahamu, pamoja na vifaa na mafunzo yake. Ndiyo maana tunasema mkufunzi ahesabiwe kama sehemu ya bidhaa. Kwa kaya 500, panga onyesho la vikundi vya kaya 20 hadi 25, kila kikundi kikoroge ndoo yake yenyewe kwa maji ya chanzo chake chenyewe. Siku ya 3 wapite watu nyumba kwa nyumba na kipima klorini cha vidonge vya DPD, kile kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Maji ya kunywa ndani ya ndoo yawe na angalau miligramu 0.2 za klorini huru, ile iliyobaki ikiweza kuua vijidudu, kwa lita. Rangi isipojitokeza, muulize mwenye nyumba akuonyeshe anavyofanya, kuanzia kuchota, na kosa utaliona kwa macho. Siku ya 10 warudi tena.

Watu hao wawe nani? Hapa vijana wengi wa jeshi wanakosea kwa nia njema kabisa. Mwongozo wa Oslo, ule wa kimataifa kuhusu matumizi ya vikosi vya kijeshi kwenye maafa, wa mwaka 1994 na uliorekebishwa mwaka 2007, unaviweka vikosi vya kijeshi vya kigeni kuwa msaada wa mwisho pale ambapo njia za kiraia hazitoshi, na unapendelea visigawe misaada mkono kwa mkono. Kazi yao ya kwanza ni usafirishaji na miundombinu. Pakiti ya unga ni msaada wa mkono kwa mkono. Kwa hiyo mgao na mafundisho viachiwe wahudumu wa afya wa kijiji na wanaojitolea wa Msalaba Mwekundu wa nchi husika. Kijana wa jeshi alete shehena, achore alama za lita 10, apime chumvi na klorini, awafundishe wakufunzi, na asimame nyuma yao wanapoonyesha. Aende bila silaha. Na akimsahihisha mama mtu mzima, aongee naye kama mwana na mamaye, si kama yuko gwaride. Mama akiaibishwa mbele ya majirani hatakoroga tena.

Lugha nayo ni kifaa. Beira watu wanasema Kisena, Kindau na Kireno, na Kiswahili hakikufikishi mbali. Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, iliyopigwa na Kimbunga Kenneth Aprili 2019 na Kimbunga Chido Desemba 2024, ni habari nyingine: pwani yake inasema Kimwani, ndugu wa karibu wa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kinaeleweka kwa wengi kuelekea mto Ruvuma. Kijana wa Mtwara au Lindi aliyemo kikosini awekwe kwenye mafunzo, asiwekwe kwenye kupakua magunia.

Kikosi chenyewe kinywe maji ya unga huu huu kuanzia siku ya kwanza. Wiki moja ya kukoroga maji yao wenyewe itawafundisha vijana kuliko karatasi yoyote ya maelekezo, na wenyeji wataona kwamba hawapewi kitu ambacho wageni hawakitumii. Na vyoo vya kambi vichimbwe kabla ya mahema kusimamishwa, mbali na mto na mbali na visima. Kipindupindu cha Haiti cha Oktoba 2010 kilianzia kwenye maji taka ya kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, kikaua karibu watu 10,000, na Umoja wa Mataifa ukaomba radhi mwaka 2016. Waliokwenda kulinda ndio waliouingiza ugonjwa mtoni.

Siku ya kuondoka, hesabu pakiti zilizobaki pamoja na mganga wa zahanati au kiongozi wa afya, mbele ya mashahidi. Acha pakiti za siku 14 kwa kila kaya ambayo chanzo chake bado ni tope, acha kipima klorini na vidonge vyake vya DPD, na umwonyeshe mtu mmoja aliyetajwa kwa jina tarehe ya kuisha iliyochapwa kwenye pakiti. Zilizofunguka au kulowa zisiachwe. Zirudi na kikosi.